Shaaban Robert: Karani wa Tanga aliyeitikia tenzi za kale

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mshairi mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utenzi wa wosia akiwa mgonjwa. Alimfunza kumcha Mungu, kuishi na watu na kukaa na mume. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Miongo kadhaa baadaye, Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake wosia kwa mtindo uleule. Safari hii aliyezungumza alikuwa baba. Mkewe, Amina, alikuwa amefariki na kumwachia watoto wadogo, naye akachukua nafasi ya mama katika Utenzi wa Hati.

Shaaban alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Alitumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi huku akiandika.

Hakuishia kumfuata Mwana Kupona. Mtoto wa kiume naye alitungiwa wosia wake, Utenzi wa Adili. Na tofauti na mama huyo aliyetunga kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, Shaaban alitumia Kiswahili ambacho hata msomaji wa Masisi au Walikale, mbali na Bahari ya Hindi, anaweza kukifuata.

Aliitikia wakongwe wengine pia. Mwaka 1728, Bwana Mwengo wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka, juu ya vita vya Waislamu na dola ya Rumi. Shaaban aliuchukua umbo huo wa utenzi wa vita na kusimulia vita vya 1939 hadi 1945, katika beti zaidi ya 3,000. Mwaka 1952 ilichapishwa tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi, aliyoifanya kupitia Kiingereza.

Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru. Utenzi wake wa vita ulichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini. Wosia kwa wanawe umo katika kitabu chake, Maisha Yangu, na bado unasomwa.