DKT. JOHANN LUDWIG KRAPF (1810–1881): MWANAFUNZI WA LUGHA ZA WATU

Usharika unapoadhimisha miaka 100, ni desturi njema kuwakumbuka waliojenga kanisa la kwanza, walioanzisha shule na waliobatiza. Hata hivyo, kabla ya jiwe la kwanza la kanisa lolote kuwekwa katika nchi hizi, ilikuwapo kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Ilibidi mtu mzima, msomi wa vyuo, akubali kukaa chini na kujifunza kusema upya, kama mtoto. Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo ni Dkt. Johann Ludwig Krapf.

Kuzaliwa na Elimu Yake

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, na jamaa yake walikuwa Walutheri. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda mrefu. Katika siku hizo za kitandani alisoma sana Biblia, na habari za mababu wa Agano la Kale zikamwingia moyoni.

Baadaye alipelekwa shule ya Kilatini mjini Tübingen. Huko alijifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, kisha akaongeza Kifaransa na Kiitaliano. Lugha za kale alizipata kwa njia ya wakati ule: kukariri kanuni, kupanga maneno katika majedwali, na kufasiri kitabu ukurasa kwa ukurasa. Hakuwapo mtu sokoni wa kumjibu kwa Kilatini. Elimu hiyo ilimpa jicho kali la kutambua muundo wa lugha. Haikumpa sikio wala ulimi. Hivyo alipaswa kuvipata mahali pengine.

Kutoka Vitabuni hadi Vinywani mwa Watu

Baada ya kusoma katika chuo cha Misheni cha Basel, na kuhitimu theolojia Tübingen, alihudumu kwa muda mfupi katika kanisa la nyumbani kwao. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na chama cha Kiingereza cha CMS. Alifukuzwa Tigray mwaka 1838, akaenda Shoa, alikokaa tangu 1839 hadi 1842 katika milki ya Mfalme Sahle Selassie. Huko alikutana na Waoromo, watu wengi ambao lugha yao ilikuwa haijaandikiwa sarufi. Hapakuwa na kitabu cha kumtangulia. Ilimpasa kuuliza, kusikiliza, kuandika, na kuuliza tena. Mwaka 1840 kikachapishwa London kitabu chake kidogo cha sarufi ya Kioromo.

Alipozuiliwa kurudi Shoa, Krapf aliwaza kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Basi hakuja pwani kwa sababu ya Kiswahili. Kwake kilikuwa mlango tu wa kupita kwenda kwingine. Mungu aliufanya mlango huo kuwa nyumba.

Mombasa, 1844

Krapf na mkewe Rosine walifika Unguja mwezi Januari 1844. Sultani Sayyid Said aliwapokea kwa wema na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi Mei wakafanya makao Mombasa. Tarehe 8 Juni, baada ya majuma machache tu, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Msaidizi wake alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohaddin. Ni jambo la kukumbukwa daima kwamba mwalimu aliyemshika mkono Mkristo huyo katika kurasa za kwanza za Biblia ya Kiswahili alikuwa Mwislamu, mwenye elimu ya dini yake na mwenye kuijua lugha kwa undani. Imani, neema na dhambi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyokuwa yamekwisha kuota mizizi katika vinywa vya Waswahili kabla ya mmisionari kufika.

Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike; tarehe 13 Julai 1844 alifariki, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mahututi. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mtu aliyebaki hakuwa na mke, wala mwana, wala ndugu wa lugha yake. Angeweza kurudi kwao bila kulaumiwa na mtu. Alibaki, na mara alipopata nguvu akarudi kwenye daftari lake la maneno.

Ugumu wa Kujifunza Ukubwani

Ili kuipima kazi hiyo, yafaa kufahamu jinsi mtoto anavyopata lugha na jinsi mtu mzima anavyoipata. Mtoto wa Mombasa hafundishwi sarufi. Husikia kwa miezi mingi kabla ya kusema. Karibu na mwaka wa kwanza hutamka neno, katika mwaka wa pili huunganisha mawili, na afikapo umri wa miaka mitatu hivi hupatanisha maneno mengi barabara, bila kujua kwamba kuna kitu kiitwacho ngeli. Akikosea, hachekwi kwa ubaya. Huitikiwa, na husikia tena lililo sahihi.

Mtu mzima huja na akili iliyokomaa, lakini pia na mazoea ya lugha yake ya kwanza. Msomi wa Kilatini hutazama mwisho wa neno apate kujua kazi yake katika sentensi. Katika Kiswahili, mengi ya hayo hukaa mwanzoni: mtu mrefu amekuja, watu warefu wamekuja, kitabu kirefu kimepotea, vitabu virefu vimepotea. Neno moja, hatukuwasikia, hubeba ukanushi, watendaji, wakati, watendwa na tendo lenyewe. Sauti ya ng' Mjerumani anayo mwishoni mwa maneno yake, lakini kuianza nayo, kama katika ng'ombe, humshinda. Akili hupata kanuni upesi, na ulimi huchelewa nyuma yake. Dawa ni kuishi na watu, kusema na kusahihishwa, na kutoona haya.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake kutoka Württemberg, alimfikia, na wawili hao wakafungua kituo Rabai. Huko walijifunza lugha ya Warabai, na mwaka 1848 Injili ya Luka katika lugha hiyo ikachapishwa Bombay. Mwaka huo Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1849 Krapf akauona Mlima Kenya. Wajuzi wa Ulaya walizishangaa habari za theluji. Tunda la kudumu zaidi lilikuwa katika madaftari. Mwaka 1850 Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili, pamoja na msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Msamiati huo, maneno yakiwa yamepangwa bega kwa bega, ulionyesha wazi kwamba tano kati ya lugha hizo ni ndugu.

Walimu wasomi na walimu wanyonge wote walihesabika. Rebmann alijifunza Kinyasa kutoka kwa Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa. Kamusi iliyotokana na masomo hayo ilichapishwa mwaka 1877 kwa mkono wa Krapf.

Miaka ya Mwisho na Matunda Yake

Afya ilimlazimu Krapf kurudi Ujerumani mwaka 1853. Alikaa Kornthal, ingawa mwaka 1862 alifika tena pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Kwa hesabu ya waongofu, alivuna kidogo mno. Hata hivyo hakuacha kuyapanga maneno aliyoyakusanya. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mwaka uliofuata kamusi yake kuu ya Kiswahili, yenye kurasa zaidi ya 400, ilitoka London.

Kamusi hiyo ilishikilia Kimvita, lugha ya Mombasa. Baadaye Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tahajia ya Krapf ikaachwa. Lakini watunga kamusi waliomfuata, kama A. C. Madan mwaka 1903, walichota kwake. Walutheri wa Bavaria, wakivutwa na mfano wake, walianza kazi kati ya Wakamba mwaka 1886. Kazi yao ikapokelewa na Misheni ya Leipzig, ambayo mwaka 1893 iliingia Kilimanjaro. Biblia nzima ya Kiswahili cha Muungano ilipotoka mwaka 1952, ilikuwa imepita miaka 108 tangu Krapf na Sheikh Ali walipokaa pamoja juu ya sura ya kwanza ya Mwanzo.

Maisha ya Krapf yanawaachia walezi wa watoto, walimu wa Shule ya Jumapili na kila mtumishi apelekwaje ugenini fundisho moja. Anayetaka kusikilizwa na watu, kwanza na awe mwanafunzi wao. Lugha haipatikani kwa amri wala kwa haraka. Hupatikana kwa mwenye kusikiliza kwa muda mrefu, asiyeona aibu kusahihishwa, hata na mtoto. Bwana wa mavuno na asifiwe kwa ajili ya mtumishi huyo, na kwa ajili ya wote waliomfundisha kusema.