Bismarck na Mkulima wa Chonyonyo

Mkulima wa Chonyonyo, katika Wilaya ya Karagwe, hupata fedha yake ya maana mara moja kwa mwaka, wakati buni inapouzwa. Ugonjwa haungoji msimu huo. Kwa hiyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge letu mwaka 2023, yamhusu yeye kuliko watu wengi. Na kwa sababu hiyo twaona yafaa leo kueleza maisha ya mtu ambaye sisi tulifundishwa shuleni kumjua kwa mambo mengine kabisa.

Otto von Bismarck alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815 huko Schönhausen, katika ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa kabaila mwenye mashamba. Kijana alisoma sheria, akaingia kazi ya serikali, ikamchosha, akarudi kusimamia mashamba ya jamaa yake. Mwaka 1862 mfalme alimfanya waziri mkuu. Vikafuata vita vitatu, na mwaka 1871 nchi za Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, zikawa dola moja, naye akawa Chansela. Hayo yamo vitabuni. Wala hatusahau kwamba Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulifanyika katika nyumba yake ya kazi, wala kwamba Februari 1885 serikali yake iliipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi iliyotuletea utawala wa Wadachi. Walipojenga boma lao Bukoba mwaka 1890, yeye alikuwa amekwisha ondoka madarakani.

Mtu huyu hakuwapenda wajamaa hata kidogo. Mwaka 1878, baada ya watu wawili kumfyatulia Kaisari risasi kwa nyakati mbalimbali, alipitisha sheria ya kuvipiga marufuku vyama vyao, mikutano yao na magazeti yao. Lakini alikuwa mwerevu wa kutosha kujua kwamba marufuku haimtibu mtu aliyevunjika mguu kiwandani. Mfanyakazi aliyeugua alikosa ujira, na aliyekosa ujira hakuwa na chakula cha watoto. Bismarck alitaka mtu huyo aitegemee serikali, asiutegemee ujamaa. Novemba 1881 ujumbe wa Kaisari uliahidi bima mbele ya Bunge, na tarehe 15 Juni 1883 sheria ya bima ya ugonjwa ikatolewa.

Twamwomba msomaji aitazame sheria hiyo kwa makini. Haikumwuliza mfanyakazi wa kiwanda kama apenda kujiunga, ilimlazimisha. Katika kila mafungu matatu ya mchango, yeye alitoa mawili na mwajiri moja, na mwajiri ndiye aliyekata fedha na kuipeleka. Mgonjwa alipata matibabu na dawa bila malipo, na nusu ya ujira kwa muda wa hadi majuma 13. Wala haikujengwa juu ya kiwanja kitupu: wachimba madini na mafundi walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana tangu zamani, na serikali ikavitumia. Mwaka 1885 wanachama walikuwa zaidi ya milioni 4, kama mtu mmoja katika kila watu 11. Bima ya ajali kazini ilifuata mwaka 1884, na ya uzee mwaka 1889.

Mwaka ule ule wa 1883 Bismarck mwenyewe alikuwa hoi kwa ulaji mwingi na kukosa usingizi, hata daktari mmoja, Ernst Schweninger, alipomwekea masharti makali ya chakula, akapata nafuu. Yeye hakuhitaji mfuko wa bima.

Shabaha yake ya siasa haikufika. Kwa kuwa wafanyakazi walitoa theluthi mbili ya fedha, walipata theluthi mbili ya viti katika mabaraza ya mifuko, na wajamaa wakakaa humo wakajifunza kuendesha mambo. Katika uchaguzi wa 1890 walipata kura zaidi ya milioni 1.4, kuliko chama kingine chochote. Machi mwaka huo Bismarck, aliyekwisha gombana na Kaisari kijana, alijiuzulu. Alifariki tarehe 30 Julai 1898 huko Friedrichsruh.

Na mkulima je? Mkulima mdogo mwenye shamba lake, asiye na mwajiri, alisubiri huko Ujerumani ya Magharibi hadi mwaka 1972, yaani miaka 89, ndipo alipopata sheria yake ya bima ya ugonjwa. Na serikali ikabeba gharama za wazee waliokwisha waachia wana wao mashamba.

Kwetu, mtumishi wa serikali alianza mwaka 2001 kukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akaongeza 3. Mkulima aliwekewa Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, wa hiari. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka, zote kutoka mfukoni mwake. Sheria ya 2023 yawalazimu wote, na yawawekea mfuko wasio na uwezo. Mwenye migomba na mibuni kidogo pale Chonyonyo hahesabiwi kuwa fukara, wala hana mwajiri. Twaona chama cha ushirika chaweza kumkatia mchango siku ya malipo ya buni, kama mwajiri akatavyo. Lakini kukata ni nusu tu ya kazi aliyopewa mwajiri mwaka 1883; nusu ya pili ni kuongeza, na ushirika hauna cha kuongeza. Fungu hilo litatoka serikalini, au halitatoka.