Dkt Burkitt: Aliyechora mpaka wa saratani ya watoto wa Ziwa Victoria

WATOTO wa kandokando ya Ziwa Victoria, Kisumu ikiwemo, walivimba taya na kufa kwa miezi michache, huku madaktari wakidhani ni maradhi mbalimbali yasiyohusiana. Aliyebaini kuwa ni saratani moja ni Dkt Denis Burkitt, mpasuaji mwenye jicho moja.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland, na akapoteza jicho angali mvulana. Alianza kusomea uhandisi kabla ya kugeukia udaktari, na mwaka 1946 akaajiriwa Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Punde akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1958 alichapisha matokeo yake, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri maili 10,000 hivi kwa gari kuukuu, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Ramani iliyopatikana ilishangaza. Ugonjwa ulienea penye joto na mvua, kama Kisumu iliyo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini ulikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Mpaka huo ulifanana na wa malaria.

Sababu ilijitokeza polepole. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika uvimbe huo. Mwaka 1982 ikathibitika kuwa jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli zigawanyike, huhama kutoka kromosomu ya 8 na kuungwa pasipo pake, aghalabu kwenye kromosomu ya 14. Hapo amri yake haikomi.

Seli za kinga hukata DNA yake zenyewe ili kuunda kingamwili bora, kisha jeni za ukarabati huunga mikato hiyo. Isipoungika vyema, jeni ya p53 huiangamiza seli husika. Malaria ya mara kwa mara huzidisha mikato, navyo virusi huzinusuru seli zilizopaswa kufa. Watafiti wamebaini kuwa watoto wa Kisumu huambukizwa virusi hivyo wakiwa wachanga kuliko wenzao wa Nandi.

Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Alipoona kisu hakifai, alijaribu dawa za saratani, na dozi chache tu ziliwaponya baadhi ya watoto, jambo lisilo la kawaida zama hizo.

Aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki Uingereza Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.