Baba Aliyepiga Kambi Kimana

Wiki hii kwenye ukurasa wetu wa maisha ya watu nimechagua mtu ambaye hakuwa mhubiri, wala siwezi kuwaambia muige mwendo wake wote. Lakini Jumapili tulifundishwa juu ya Zebedayo, yule baba aliyekuwa kwenye mashua na wanawe wawili wakishona nyavu (Marko 1), na tangu siku hiyo huyu mtu hajanitoka akilini. Alipenda samaki, alipenda wanawe, na alilala kwenye ardhi yetu hii ya Kajiado. Ni Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 huko Oak Park, karibu na Chicago, nyumba ya watu wa kanisa kabisa. Babu yake Anson alikuwa rafiki wa mwinjilisti Dwight Moody. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari, na kila kiangazi aliipeleka familia kwenye ziwa la Walloon, Michigan. Huko ndiko kijana alifundishwa kushika mshipi, kutia chambo na kungoja. Daktari huyo alikuwa mkali nyumbani, lakini majini alikuwa mtu mwingine. Mwanawe alimkumbuka hivyo maisha yake yote.

Sasa sikiliza. Desemba 1928 Ernest alikuwa kwenye treni na mtoto wake wa kwanza, Jack, mvulana wa miaka 5. Njiani akaletewa simu ya maandishi kwamba baba yake amefariki. Ilibidi amwachie mtoto mhudumu wa treni amfikishe Florida, yeye akageuza safari kwenda Oak Park. Alipofika akakuta kumbe baba alijitoa uhai mwenyewe. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na madeni, na huzuni ambayo hakuisema. Yaani mtu aliyetibu wengine miaka yote hiyo hakupata wa kumwambia yake.

Ernest alishakuwa na jina wakati huo. Riwaya yake ya 1926, *The Sun Also Rises*, hata jina lake lilitoka kwenye kitabu cha Mhubiri. Ndoa zake sitazichambua hapa, alioa mara 4 na yatosha. Lakini wanawe 3, Jack, Patrick na Gregory, aliwapandisha kwenye mashua yake iitwayo Pilar na kuwafundisha vile alivyofundishwa. Jack alishika somo mpaka ikawa kichekesho: mwaka 1944, vita ikiwa moto, alirushwa Ufaransa kwa parashuti akiwa na ufito wake wa kuvulia samaki. Watoto walimwita Papa, maana yake baba. Sisi hapa tukisikia papa tunawaza yule samaki mwenye meno.

Kenya alikuja mara ya kwanza Desemba 1933, akashukia Mombasa na kupanda mpaka Machakos, kwenye nyanda hizi zinazotuzunguka Kitengela. Aliwinda, akaugua tumbo vibaya, akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Safari ilipoisha akaenda Malindi kuvua.

Mara ya pili ni 1953. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu kuhusu mzee wa Cuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki, kisha akamnasa nduaro mkubwa, na papa wakamla wote kabla hajafika ufuoni. Akiwa na mke wake Mary alipiga kambi Salengai, baadaye Kimana, pale mlima Kilimanjaro unapoonekana asubuhi kama umewekwa mezani. Idara ya wanyama ikampa cheo cha heshima cha kulinda eneo hilo. Wamaasai wa zamani hawakula samaki, kwa hiyo nadhani hapo alipata watu wachache wa kupiga nao hadithi za mshipi!

Januari 1954 alipata ajali mbili za ndege Uganda, siku mbili mfululizo, magazeti yakatangaza amekufa. Akatoka akiwa ameumia kichwa na ndani ya mwili, na bado akateremka Shimoni, Pwani, kwa sababu alikuwa amepanga kuvua. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel.

Hapo ndipo mimi hunisimamia. Huyu mtu aliweza kukaa majini siku nzima na vijana wake, lakini kuvua hakukulazimishi kuongea. Mnaweza kumaliza masaa sita mkitazama maji, kila mtu na yake moyoni. Na Gregory, kitinda mimba, walikosana mama yake alipofariki mwaka 1951, na hawakurudiana sawasawa. Miaka ya mwisho Papa alizama kwenye huzuni ile ile ya baba yake. Alilazwa hospitali, akatibiwa, akarudi nyumbani Ketchum, Idaho. Tarehe 2 Julai 1961, akiwa na miaka 61, alijitoa uhai. Ndugu yake mdogo Leicester alifanya vivyo hivyo 1982, na mjukuu Margaux 1996.

Wababa wa Kitengela, mnanielewa. Kuna mwenye mkopo wa shamba ambao mama watoto hajui. Kuna aliyepoteza kazi na bado anatoka kila asubuhi amevaa tai. Jumamosi wanaume tunakutana baada ya usafi wa kanisa, na chai itakuwepo. Ukitaka kuongea na mzee mmoja pembeni, sema tu, utapewa nafasi.

Patrick, yule mwana wa pili, alibaki Afrika Mashariki miaka mingi. Alifundisha kwenye chuo cha wanyamapori cha Mweka, Tanzania, upande wa pili wa mlima ule ule baba yake aliokuwa akiutazama kutoka Kimana.