Vauban, mutu wa sururu na bunduki

Ninyi munaoshuka chini ya udongo kila siku, huyu Mufaransa mutamuelewa mbio. Vita vyake alivipiga zaidi na sururu na beleshi kuliko na upanga.

Sébastien Le Prestre de Vauban alizaliwa mwaka 1633 ku kijiji kidogo cha Bourgogne. Ukoo ulikuwa na jina, lakini feza hapana. Mwaka 1651 akaingia jeshi la Condé, mukubwa aliyeasi mufalme. Miaka mbili nyuma wakamukamata. Waziri Mazarin hakumufunga. Alimugeuza tu, akamutia upande wa mufalme. Mwaka 1655 alikuwa tayari enjenia wa mufalme.

Wakati ule askari wa miguu walikuwa namna mbili. Wamoja walibeba mukuki murefu, zaidi ya metre 4, wa kuzuia farasi. Wengine walibeba bunduki ya utambi: kamba inawaka moto polepole, na askari anaichunga ile kamba mukononi huku baruti imemuning'inia ku kifua. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha. Vauban aliona huo ni upotevu wa watu. Alitaka bunduki ya jiwe la moto kwa wote, na mikuki itupwe.

Lakini bila mukuki, nani atazuia farasi? Kisu cha bunduki kilikuwako, ila mupini wake ulipigwa ndani ya mutututu, basi kupiga risasi haiwezekani tena. Kule Scotland mwaka 1689, ku Killiecrankie, askari wa serikali walikamatwa wakiwa bado wanafunga visu vyao, walikatwa vibaya. Vauban alikuwa ameshamuandikia waziri Louvois mwaka 1687: kisu kishikwe na bomba fupi la chuma linalovaliwa inje ya mutututu. Hivi askari anapiga risasi na kisu kikiwa mahali pake. Mutu mumoja, silaha mbili. Mwaka 1703 mikuki ikatoka ndani ya jeshi la Ufaransa.

Tunarudia sasa ku mashimo. Mbele yake watu walichimba pia, lakini kukamata muji wa kuta kulipoteza askari wengi ovyo. Yeye alichimba kwa mupango. Ku Maastricht, mwaka 1673, alichimba mitaro mirefu inayofuata ukuta sambamba, mumoja mbele ya mwengine, na ingine ya kona-kona ya kuiunganisha, risasi zisipite ndani. Muji ukaanguka kwa siku 13. (Njo pale alikufa d'Artagnan, yule wa hadithi.)

Wachimbaji walikwenda kwa kundi. Wa kwanza, na kofia ya chuma ku kichwa na chuma ku kifua, alisukuma mbele kikapu kikubwa, akachimba kidogo tu. Wa pili akaongeza, wa tatu vilevile, mupaka mutaro utoshe mutu. Kisha walibadilishana, maana wa mbele njo anayekufa. Na malipo? Vauban alipanga walipwe kwa kipimo cha mutaro, na bei ipande kila wanapokaribia ukuta. Kazi ya hatari zaidi, feza zaidi. Sisi tunaona wakubwa wengi hawajajifunza ile hesabu hata leo.

Chini ya ukuta wenyewe, wengine walitoboa galeri, wakajenga chumba cha baruti, wakaziba nyuma yao, wakawasha utambi. Kazi hiyo hamuhitaji kuelezwa.

Yeye mwenyewe alipigwa risasi ku shavu huko Douai mwaka 1667, alama ikabaki maisha yote. Mwaka 1703 akapewa cheo cha Marshali.

Katika safari zake zote aliangalia pia maskini wa vijiji, na kodi iliyowakamua wao tu. Akaandika kitabu: kila mutu alipe kadiri ya mapato, hata watu wa ukoo mukubwa, hata mapadri, isipite sehemu moja ya kumi. Akakichapisha bila ruhusa. Mwanzo wa 1707 baraza la mufalme likakikataza, ku mufalme yule aliyemupatia miji mingi.

Tarehe 30 Machi 1707 akafa, Paris. Mwaka 1808 Napoléon aliagiza moyo wake uwekwe ku Invalides.