Elijah McCoy na Kopo la Mafuta

Mtahiniwa, ukipita kwenye mashine ya kusaga hapa Mvumi baada ya mavuno ya mtama, utaona jambo moja. Mashine inazimwa, akina mama wanakaa kando na ndoo zao, na fundi anapita akitia grisi kwenye beringi. Akiacha kufanya hivyo, chuma kitasugua chuma, kitapata moto na mwisho kitakwama. Ni msuguano uleule uliousoma katika fizikia, na maisha ya mtu tunayemsoma hapa yalizunguka hapo.

Elijah McCoy alizaliwa mwaka 1844 huko Colchester, Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa watumwa Kentucky, Marekani, wakatoroka na kuvuka mpaka. Elijah alipofikisha miaka 15 walimpeleka Edinburgh, Scotland, akajifunze uhandisi wa mitambo. Hebu fikiria nauli ya meli kwa watu waliotoroka utumwani.

Alirudi akiwa fundi kamili wa mitambo na kuungana na familia yake, ambayo sasa ilikuwa Ypsilanti, jimbo la Michigan. Utumwa ulikuwa umekwisha kisheria, lakini mtu mweusi hakupewa kazi ya uhandisi. Reli ya Michigan Central ilimpa kazi mbili: kuchochea moto wa injini kwa sepetu, na kutia mafuta. Yaani aliyesomea kuunda injini akapewa kopo la kuilainishia.

Treni za mvuke za siku zile zilisimama mara kwa mara ili mtu ashuke na kopo lake azunguke ekseli na beringi. Silinda ndiyo iliyosumbua zaidi, kwa sababu mvuke wa moto unaosukuma pistoni huyaondoa mafuta upesi. McCoy aliyaona hayo kila siku akiwa na masizi usoni.

Julai 1872 alipata hataza yake ya kwanza, ya kikombe cha mafuta kinachofungwa kwenye injini. Ndani yake mna vali. Mvuke wa injini yenyewe huisukuma, vali hufunguka, na mafuta huteremka kidogo kidogo kwenye silinda wakati mashine inatembea. Hakuna haja ya kuisimamisha.

Hapa wanafunzi wangu wengi hukosea. Usiandike kwamba McCoy alikuwa wa kwanza duniani kubuni kilainishi cha kujiendesha. Uingereza, John Ramsbottom alikuwa na chake tangu miaka ya 1860. McCoy aliboresha, akaendelea kuboresha, mpaka akafikisha hataza zipatazo 57, nyingi za vilainishi. Vilevile, ule msemo wa Kiingereza unaolitumia jina la McCoy kumaanisha kitu halisi, wengi husema umetokana naye. Wachunguzi wa lugha wameukuta Scotland, kwa umbo linalokaribiana, kabla hajapata hataza hata moja. Usiujengee hoja.

Fedha ndiyo iliyompa shida. Hakuwa na mtaji wa kiwanda, kwa hiyo haki za hataza nyingi aliwauzia wengine, nao wakatengeneza na kuuza. Kampuni yenye jina lake ilianza Detroit mwaka 1920, naye akiwa na miaka zaidi ya 70.

Kabla ya hapo, mwaka 1915, alikuwa amepata hataza ambayo mimi naiona bora kuliko zote. Injini mpya zilitumia mvuke wenye joto kali mno, na mafuta ya kawaida yaliungua. Alichanganya mafuta na unga wa grafaiti, kitu kilekile kilicho ndani ya penseli yako. Tabaka za grafaiti huteleza moja juu ya nyingine na hazishindwi na joto hilo. Rudia sura ya kaboni katika kemia. Injini zilizofika Dodoma na Reli ya Kati mwaka 1910 zilikuwa za mvuke pia, na silinda zake zilidai mafuta vilevile.

Mwaka 1922 yeye na mkewe Mary walipata ajali ya gari. Mary alifariki mwaka uliofuata, na Elijah hakupona sawasawa. Alifia katika nyumba ya kutunzia wagonjwa na maskini, Michigan, Oktoba 1929, akiwa na miaka 85. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilifungua ofisi ya hataza mjini Detroit na kuipa jina lake.