Raiffeisen, burgumestre aliyefundisha vijiji kukopeshana

Kila juma, katika avenyu za Bukavu, Goma ao Uvira, na katika vijiji vya milimani, wamama wanakaa kuzunguka kasha lenye kufuli tatu. Kila mumoja anatoa kile yuko nacho, mwandishi anaandika, na mwenye shida anakopa. Wengine wanaita AVEC, wengine MUSO, wengine wanabakia na jina la zamani, kirimba ao likelemba. Na mutu asiye na kundi kama hilo, siku mutoto anagonjwa ao shule inafukuza watoto juu ya minerval, anakimbilia kwa ile tunaita Banki Lambert. Si banki. Ni jirani mwenye feza, anayekopesha leo na kudai mingi kupita kiasi mwisho wa mwezi. Tangu vita ilipofunga banki za Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, familia nyingi zimebakia paka na hizo njia mbili.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mbali sana na Ziwa Kivu, mutu mumoja alipambana na shida ileile. Jina lake ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Hakuwa mwenye banki, hakuwa profesa. Alikuwa burgumestre wa vijiji masikini, na kile alijua alikijua kwa kujaribu, kukosea na kuanza tena. Kanuni mingi za COOPEC zetu za leo zina mizizi katika kazi yake. Njo maana inafaa tujue maisha yake.

Mutoto wa milimani

Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 3, 1818, huko Hamm, kando ya muto Sieg. Wakati ule ilikuwa inchi ya Prussia, leo ni Ujerumani. Alikuwa wa saba kati ya watoto tisa. Baba yake pia alikuwa burgumestre, lakini aliacha kazi wakati mutoto alikuwa angali mudogo, na nyumba ikaingia katika shida. Hakukuwa franga ya kumutuma kwenye masomo ya juu. Pasta wa kwao njo alimufundisha zaidi.

Alipokuwa na miaka 17 aliingia jeshi. Pengine angebakia mwanajeshi maisha yote, lakini macho yalianza kugonjwa. Katika mwaka wa 1843 alilazimika kuacha bunduki na kutafuta kazi ya leta. Mwaka wa 1845 alioa Emilie Storck, na mwaka uleule akatumwa kuwa burgumestre wa Weyerbusch, katika milima ya Westerwald.

Mutu wa Walungu ao wa Masisi ataelewa mara moja ile inchi ilikuwa namna gani. Baridi, udongo muchoka, barabara mbaya. Mashamba yaligawanywa kati ya watoto, kisha kati ya wajukuu, mpaka kila mumoja akabakia na kipande kisichoweza kulisha familia. Zamani wakulima walikuwa chini ya mabwana wa ardhi. Sasa walikuwa huru, lakini uhuru ule ulikuja na malipo, na malipo yalitaka franga. Mukulima alikuwa na viazi na mikono yake. Franga hakuwa nayo.

Mukate wa deni

Kisha njaa ikaingia. Ugonjwa ulioza viazi, na mavuno ya 1846 yakakuwa mabaya. Bei ya mukate ikapanda kupita uwezo wa masikini. Leta ya Prussia ilituma unga, lakini kwa agizo moja: uuzwe kwa franga za papo hapo. Wenye njaa njo walewale wasiokuwa na franga. Raiffeisen hakufuata agizo lile. Aligawanya unga kwa deni, kwa wale alijua kama watalipa baada ya mavuno.

Hakuishia pale. Aliita wenye uwezo wa vijiji vyake, wakachanga feza, wakanunua nafaka kwa wingi, wakajenga tanuru ya kijiji. Mukate uliotoka pale uliuzwa karibu nusu ya bei ya wachuruzi. Waliokosa kabisa walipewa kwa deni. Wakati mavuno yalirudi, deni zile zililipwa. Jambo hili lilimubakia kichwani: masikini analipa, kama amepewa wakati na kama anajulikana.

Alisukuma pia kazi ya barabara. Aliona kama mavuno yanaoza katika milima juu hakuna njia ya kufika kwenye muto Rhine, ambako kulikuwa soko. Barabara ile ingali pale, na leo inaitwa kwa jina lake.

Ngombe wa mutu mungine

Mwaka wa 1848 alihamishwa kwenda Flammersfeld. Pale alikutana na Banki Lambert ya wakati ule. Mukulima aliyetaka ngombe alimupata kwa muchuruzi kwa deni, bila franga mukononi. Ngombe alikamuliwa maziwa, alivuta jembe, lakini riba ilipanda kila mwaka. Mvua ikikosa mara moja, muchuruzi alirudi kuchukua ngombe wake, na mara mingine shamba pia. Familia ilifanya kazi miaka, ikabakia bila kitu.

Mwaka wa 1849 Raiffeisen alikusanya watu karibu 60 wenye mali. Walikubali kuwa garanti pamoja, kila mumoja kwa mali yake yote. Kwa garanti ile walipata feza ya riba ndogo. Walinunua ngombe, wakawapa wakulima masikini, nao walilipa kidogo-kidogo kwa miaka mitano. Baadaye shirika likaanza kukopesha feza yenyewe.

Ilisaidia watu wengi. Lakini ilikuwa na ufa ambao yeye mwenyewe hakuuona mara moja.

Kosa lililomufundisha

Mwaka wa 1852 alihamia Heddesdorf, karibu na muji wa Neuwied. Miaka miwili kisha, alianzisha pale shirika la huruma lenye kazi mingi: kutunza watoto walioachwa, kutafutia kazi wasio na kazi na waliotoka gerezani, kununulia wakulima mifugo, kukopesha. Kama mashirika mengi tunayoona huku kwetu, lilitaka kufanya yote mara moja.

Mwaka kwa mwaka lilipunguka. Matajiri walichoka. Wao njo walikuwa garanti, mali yao njo ilikuwa hatarini, lakini wao hawakuhitaji mukopo. Wakopaji nao hawakuwa na sauti katika shirika, na hawakuwa na la kupoteza. Mwishoni ilibakia kazi moja tu yenye kutembea vizuri, ile ya mikopo.

Pale Raiffeisen alibadilisha mawazo. Alikuwa mukristo wa imani kubwa, na kwa miaka mingi aliamini kama upendo wa matajiri utatosha. Ilikuwa ngumu kwake kukubali kama haukutosha. Lakini alikubali. Mwaka wa 1862 huko Anhausen, kisha mwaka wa 1864 huko Heddesdorf, kasha la mikopo lilisimama kwa namna mupya: anayetaka kukopa, kwanza anakuwa mwanachama. Na kila mwanachama, tajiri ao masikini, ni garanti wa wenzake wote.

Namna kasha lilitembea

Kanuni zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na sababu.

Eneo lilikuwa dogo, kijiji kimoja ao vijiji vya parokia moja. Hivi kila mumoja alijua nani anafanya kazi, nani anakunywa pombe, nani ana shamba gani. Banki ya muji haikuweza kujua hayo, na njo maana ilikataa wakulima.

Garanti ilikuwa ya wote, bila mupaka. Mumoja akikosa kulipa, wengine wanalipa. Kwa hiyo kila mumoja aliangalia kama feza ya mukopo inanunua kweli mbegu ao ngombe. Na watu wa inje wenye akiba waliamini kuweka franga zao katika kasha lile, juu kijiji kizima kilisimama nyuma yake.

Wakubwa wa komite walifanya kazi bila mushahara. Mwenye kuandika hesabu njo alilipwa. Mukopo ulikuwa wa miaka, si wa miezi, juu ngombe na shamba hazirudishe feza kwa miezi mitatu. Na faida haikugawanywa. Ilibakia katika akiba ya pamoja isiyoweza kugawanywa, ili mwaka wa shida ukifika kijiji kisirudi kwa muchuruzi.

Mwenye macho mabaya

Wakati kazi ilianza kutoka vizuri, maisha yake mwenyewe yalivunjika. Mwaka wa 1863 Emilie alikufa. Yeye mwenyewe alishikwa na homa ya tifusi, na hakupona vizuri. Macho yaliendelea kuharibika. Mwaka wa 1865, akiwa na miaka 47, aliachishwa kazi juu ya ugonjwa, na pansheni ilikuwa ndogo. Ili kulisha watoto alijaribu kutengeneza sigara, kisha akauza divai.

Mwaka wa 1866 alitoa kitabu juu ya makasha ya mikopo. Binti yake Amalie njo alikuwa macho yake: baba alisema, binti aliandika. Kitabu kile kilichapishwa tena na tena, na wakulima, mapasta na walimu wa shule walikitumia kuanzisha makasha kwao.

Hakukosa wapinzani. Hermann Schulze-Delitzsch, aliyeanzisha banki za mafundi na wachuruzi wadogo katika miji, aliona kama mikopo ya miaka mingi ni hatari: kasha linawekewa akiba ambayo mwenyewe anaweza kudai kesho, na kumbe feza iko katika ngombe wa mutu. Swali lile lilikuwa la kweli, na lingali la kweli leo. Katika miaka ya 1870 leta ilituma wataalamu kuangalia makasha ya Raiffeisen. Walitembea vijijini, wakafungua vitabu, na kwa jumla wakasema kazi ni nzuri. Lakini banki ya pamoja aliyoanzisha mwaka wa 1872, ili kijiji chenye akiba kisaidie kijiji chenye upungufu, ilipingwa juu ya sheria. Alilazimika kuifunga na kuijenga upya mwaka wa 1876.

Kuna pia doa ambalo haifai kuficha. Kati ya wachuruzi wa mifugo na wakopeshaji kulikuwa Wayahudi, na Raiffeisen aliandika maneno mabaya juu ya Wayahudi kwa jumla, sawa wengi wa wakati wake. Alipambana na riba, lakini pale alitupia kabila nzima kosa la mupango mubaya wa mikopo. Sisi huku tunajua vizuri mawazo ya namna hiyo yanaweza kufikisha watu wapi. Kasha lake lilishinda wakopeshaji kwa riba ndogo na hesabu safi, si kwa kuchukia jirani.

Raiffeisen alikufa tarehe 11 mwezi wa 3, 1888, majuma machache mbele ya kutimiza miaka 70. Aliacha mamia ya makasha vijijini.

Mpaka kwetu

Mawazo yake yalitembea. Sheria ya India ya 1904 juu ya mashirika ya mikopo ilijengwa juu ya mufano wake. Huko Kanada, Alphonse Desjardins alianzisha kasha lake la kwanza mwaka wa 1900 kisha kusoma mifano ya Ulaya, na ya Raiffeisen ndani yake. Kwa njia mingi namna hiyo mupango huu ulifika Afrika. Kwetu Kongo, sheria juu ya COOPEC ilitolewa tarehe 2 mwezi wa 2, 2002.

Lakini sheria haitoshi. Wengi kati yetu tunajua ginsi inauma kufika kwenye mulango wa kasha na kukuta umefungwa, na akiba ya miaka imekwenda. Mara mingi mambo yalianza vilevile: kasha lilikuwa kubwa, wanachama hawakujuana tena, mikutano mikubwa haikufanyika, na hakuna aliyefungua kitabu cha hesabu isipokuwa wale waliokishika. Raiffeisen aliweka kasha mahali pa macho ya wenyewe. Wakati macho yanaondoka, linabakia jina.

AVEC zetu zimeshika macho yale. Kufuli tatu, watu watatu, hesabu inasomwa mbele ya wote. Lakini mwisho wa mwaka tunagawanya yote, na mwezi wa kwanza tunaanza sufuri. Kuna sababu: katika inchi ya vita, kasha lililojaa linaita wezi, na Raiffeisen hakukutana na jambo hilo. Hata hivyo, kundi linaloacha hata sehemu ndogo bila kugawanya, mahali salama, kwa mapatano yaliyoandikwa, linaweza kukopesha mbegu mwezi wa tisa, wakati mvua inaanza na mukulima hana franga.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, katika mukutano wenu wa juma hili ulizeni mambo matatu. Nani anashika funguo? Nani, inje ya komite, alisoma kitabu cha hesabu mwezi uliopita? Na mumoja wetu akishindwa kulipa juu ya ugonjwa, tumepatana kufanya nini? Jibu likikosekana, muliandike siku ileile, mbele ya kufunga kasha.